Dakika 8 na begi la kilo 23: kuliburuta, kulituma au kuliacha kabatini ukisafiri Japani

Mama mdogo alisimama katikati ya jukwaa la Tsuruga, begi mkono huu na begi mkono ule, akaniuliza kama mtu anayedai haki yake:

"Mwanangu, hii treni haiwezi kutusubiri hata dakika moja?"

"Haisubiri, mama mdogo."

Na kweli haikusubiri. Tulikuwa tumetoka Kyoto kwa treni ya Thunderbird, tunakwenda Kanazawa, na ratiba ilitupa dakika 8 za kushuka, kupanda kutoka chini hadi juu kabisa ya jengo la stesheni, kupita mageti na kuingia shinkansen, treni ya kasi. Nilishawahi kupita hapohapo peke yangu nikiwa na mkoba mgongoni, nikabakiwa na muda wa kununua chai. Siku ile tulikuwa wawili na mabegi matatu, mawili yakiwa ya kilo 23 yaliyojaa vitenge na zawadi, na mbele ya lifti familia mbili zilikuwa zimetangulia na vigari vya watoto. Tulifika juu tukauona mkia wa treni.

Tangu siku ile nikipanga safari ya Japani naanza na begi, ratiba inafuata. Wengi wetu hufanya kinyume: tunatafuta treni inayofika mapema zaidi, tunakata tiketi, halafu usiku wa kuamkia safari ndipo tunaliangalia begi na kujiuliza litapitaje. Jibu lina njia tatu: uliburute mwenyewe, ulitume litangulie, au uliache kwenye kabati la kulipia. Ipo na ya nne ambayo watu huiona ya kizembe, nayo ni kupanda treni inayofuata kwa hiari yako. Nazilinganisha hapa kwa uzito tofauti, maana hazina uzito sawa.

Dakika za kwenye simu ni za nani?

Programu ya ratiba ikikuambia "badilisha treni, dakika 7", inamhesabu mtu anayetembea mwendo wa kawaida, anayejua njia, asiyebeba kitu. Programu kadhaa za Kijapani zinakuruhusu kuchagua mwendo wa kutembea, kuanzia wa haraka hadi wa polepole. Kama una begi, chagua polepole kabla hujatafuta chochote. Utaona treni fulani zinatoweka kwenye orodha, na hizo ndizo ambazo zingekuponyoka.

Kipimo changu mwenyewe, ambacho hakijatoka kwenye kitabu chochote, ni hiki: begi dogo la kuingia nalo ndani ya ndege, ongeza nusu ya muda, begi moja kubwa, zidisha mara mbili, mabegi mawili makubwa kwa mtu mmoja, zidisha mara mbili halafu ongeza dakika 5 za lifti. Kwa hesabu hiyo dakika 8 za Tsuruga zilikuwa zinahitaji 21 kwetu sisi. Hatukuwa wazembe siku ile, ni hesabu tu iliyokuwa imekosewa tangu Kyoto.

Upande wa treni wenyewe hakuna huruma ya kutegemea. Shinkansen ya Tokaido, inayofanya kazi tangu Oktoba 1, 1964, ina wastani wa kuchelewa wa dakika moja au mbili tu kwa treni. Kwenye stesheni za katikati inasimama dakika moja au mbili, milango inafungwa, imekwenda. Kwa upande mwingine, mtu aliyezoea SGR yetu, ya Dar au ya Nairobi, ambako unafika mapema na mizigo inapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, atashangaa: hapa hakuna ukaguzi wa mizigo. Unaingiza tiketi kwenye geti, unapita. Muda wote uliopewa ni wa miguu yako na magurudumu ya begi.

Halafu kuna hili la saa, ambalo linatuhusu sisi tu. Tiketi inaandikwa 14:05, nawe kichwani unahesabu saa nane na dakika tano mchana. Ukiwa na haraka na begi, akili inaweza kuteleza. Mama mdogo nilimwandikia saa za Kiswahili kwa kalamu nyuma ya kila tiketi, na hapo hatukukosea hata mara moja.

Kuliburuta: uzuri wake na stesheni zinazokusaliti

Kuliburuta hakuna gharama ya ziada, na begi liko nawe. Ukibadili mawazo njiani, ukaamua kulala Nagoya badala ya Kyoto, hakuna wa kumpigia simu. Kwa mtu anayehama mara moja au mbili tu katika safari nzima, na stesheni zenyewe rahisi, sioni sababu ya kutumia hela nyingine.

Ila "stesheni rahisi" ndiyo kauli inayohitaji maelezo, kwa sababu dakika 8 za stesheni moja si dakika 8 za nyingine.

Chukua mtu aliyetua Narita anakwenda Kyoto. Treni ya Narita Express inaweza kumshusha stesheni ya Tokyo au Shinagawa, na shinkansen ya kwenda Kyoto inapita zote mbili. Simu mara nyingi itamwambia ashuke Tokyo, kwa kuwa ndiko kunakofikiwa kwanza. Lakini Tokyo, Narita Express inasimama chini sana ardhini, ghorofa ya tano kwenda chini, na shinkansen iko juu. Utapanda ngazi za umeme moja baada ya nyingine, kisha utakatiza ukumbi ambao saa za kazi ni kama Kariakoo mkesha wa Idi, ila hapa hakuna anayepiga kelele. Shinagawa, treni inafika jukwaa la kawaida juu ya ardhi, unapanda mara moja, unapita mageti ya kuunganisha, unashuka kwenye shinkansen. Nikiwa na begi kubwa nachagua Shinagawa. Hasara yake ni moja: Tokyo ndiko treni inakoanzia, kwa hiyo unapata muda wa kuingia kwa utulivu na kutafuta mahali pa begi, wakati Shinagawa lazima uwe umesimama kwenye mstari wa behewa lako kabla treni haijafika. Namba za mabehewa zimeonyeshwa jukwaani, kwa hiyo hilo lina dawa.

Tokyo hiyohiyo ina mtego mbaya zaidi: njia ya Keiyo, inayowapeleka watu Maihama kwenye Disney. Kwenye ramani inaonekana ni stesheni ileile. Kwa miguu, kutoka shinkansen, ni robo saa ukiwa na begi na watoto, hata kwa msaada wa sakafu zinazotembea. Ukiona programu imekupa dakika 12 hapo, usibishane nayo, tafuta treni nyingine.

Sasa linganisha Tsuruga na Takeo-Onsen. Zote mbili ni stesheni ambazo abiria analazimika kubadilisha treni kwa sababu reli ya kasi imefika hapo ikakatika. Takeo-Onsen, kwenye njia ya kutoka Hakata kwenda Nagasaki iliyofunguliwa Septemba 2022, treni mbili zinasimama uso kwa uso kwenye jukwaa moja. Unatoka mlango huu, unavuka hatua chache, unaingia mlango ule. Dakika 3 zinatosha hata kwa bibi na mabegi mawili. Tsuruga, ambako shinkansen ya Hokuriku ilifika Machi 16, 2024, treni za kawaida ziko chini na shinkansen iko juu, katikati kuna ukumbi wa mageti. Kabla ya tarehe hiyo Thunderbird ilikwenda moja kwa moja hadi Kanazawa, na wapo wanaoikumbuka kwa majonzi. Tatizo kubwa la pale si urefu wa njia. Ni kwamba treni nzima inamwaga watu kwa pamoja, na wote wanataka ngazi zilezile kwa dakika zilezile.

Kuna mbinu moja inayookoa dakika nyingi kuliko kukimbia: kaa kwenye behewa lililo karibu na lifti au ngazi unazozihitaji. Lifti aghalabu ni moja kwa kila jukwaa, na inaweza kuwa upande wa pili kabisa wa treni yenye mabehewa 16. Programu nzuri za Kijapani zinaonyesha behewa la kukaa ili ushuke mbele ya njia yako. Ukikata tiketi dirishani unaweza pia kumuuliza mhudumu. Na lifti ni ya wenye viti vya magurudumu, wazee na vigari vya watoto kwanza. Wewe mwenye begi na miguu mizima unasubiri zamu yako.

Kwenye ngazi za umeme, Tokyo watu wanasimama kushoto, Osaka kulia. Begi liwe ngazi ya juu mbele yako ukipanda, mkono usiachie mpini. Nimeona begi likishuka peke yake Shinjuku. Watu waliruka pembeni kimya kimya, na ule ukimya ulimwaibisha mwenyewe kuliko ambavyo kelele zingemwaibisha.

Ukishafika kwenye treni, kuna suala la vipimo. Kwenye shinkansen za Tokaido, Sanyo na Kyushu, tangu Mei 2020, begi ambalo urefu, upana na kina chake ukivijumlisha vinazidi sentimita 160 lazima liwekewe nafasi pamoja na kiti, kile cha mstari wa mwisho wa behewa chenye uwazi nyuma yake. Kuweka nafasi hakuongezi bei. Ukiingia bila kuweka unatozwa yeni 1,000. Likizidi 250 haliingii kabisa. Habari njema ni kwamba mashirika mengi ya ndege yanaweka kikomo cha sentimita 158 kwa begi la kukabidhi, kwa hiyo begi lililopita uwanjani bila ugomvi litapita na hapa. Shangazi kaja lililotuna pande zote ni jambo jingine, lipime. Na hata begi la 158 linalotoshea kwenye rafu juu ya viti, ni wewe utakayelinyanyua kilo 23 kupita kichwa chako huku abiria wa chini akikutazama kwa adabu na wasiwasi.

Kulituma: hapa ndipo nilipobadili dini

Wajapani wenyewe hawahangaiki na mabegi makubwa kwenye treni kama tunavyohangaika sisi wageni. Wanayatuma. Huduma hiyo inaitwa takkyubin, kampuni ya Yamato iliianzisha mwaka 1976, na nembo yake ya paka mweusi aliyembeba mwanawe mdomoni utaiona kwenye magari kila mtaa. Zipo kampuni nyingine pia, Sagawa ikiwemo, na posta nayo ina huduma yake.

Utaratibu wake ni mwepesi kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani nimesahau hatua fulani. Unashuka na begi mapokezi ya hoteli asubuhi. Unasema unataka kulituma. Mhudumu anakupa fomu, au anakujazia: hoteli unayokwenda, anwani na simu yake, tarehe utakayoingia, na jina kama lilivyo kwenye nafasi uliyoweka. Jina ndilo muhimu. Ukiweka nafasi kwa jina la shemeji yako na begi likaja kwa jina lako, mapokezi ya kule watakaa na begi hawajui la nani. Unalipa, unapewa risiti, unaondoka na mkoba mgongoni. Kesho yake, ukifika, begi liko chumbani au nyuma ya kaunta likikusubiri.

Bei inategemea umbali, jumla ya vipimo na uzito, na kinachohesabiwa ni kile kikubwa kati ya vipimo na uzito. Hapa ndipo sisi watu wa kilo 23 tunapoumia kidogo: begi la wastani kwa vipimo linapanda daraja la bei kwa sababu ya uzito, maana kwa Yamato daraja la sentimita 140 linaishia kilo 20 na la 160 kilo 25. Hata hivyo, kati ya Tokyo na Kyoto au Osaka jiandae kwa yeni 2,000 hadi 3,500 kwa begi. Kwa mabegi mawili ni hela inayouma mtu anayesafiri kwa posho ya mwanafunzi, sitaki kumdanganya mtu. Lakini iweke kando ya teksi ambayo ungeichukua kwa sababu tu mabasi ya Kyoto yamejaa na begi lako haliingii.

Faida ambayo wengi hawaioni ni kuruka mji mmoja. Sisi tulikuwa tunatoka Kyoto, tunalala Kanazawa usiku mbili, halafu Tokyo. Mabegi yale mawili hayakuwa na shughuli yoyote Kanazawa. Tungeyatuma moja kwa moja kutoka Kyoto hadi hoteli ya Tokyo, tukaandika tarehe ya kufika siku tutakayoingia sisi, tukabeba nguo za siku mbili tu. Tarehe unaweza kuisogeza mbele siku kadhaa bila tabu. Tungepita Tsuruga kama watu wanaokwenda sokoni.

Sasa mipaka yake, kwa sababu ipo.

Begi linachukua usiku mmoja njiani, kwa kawaida. Kati ya Tokyo na Osaka ni kesho yake. Visiwa vya mbali kama Okinawa, au Hokkaido ukitokea kusini, ni zaidi, hasa kama ndani kuna betri au makopo ya kupuliza ambayo hayawezi kupanda ndege. Kwa hiyo lazima uwe na begi dogo la usiku mmoja: nguo ya kubadili, mswaki, chaja, dawa. Dawa za presha na sukari hazitumwi kamwe. Pasipoti vilevile: sheria inamtaka mgeni atembee nayo, na hoteli itaidai mlangoni.

Ukifikia kwenye nyumba ya kupanga isiyo na mapokezi, hakuna wa kulipokea begi. Vivyo hivyo bweni la wanafunzi ambalo mlinzi wake hayupo. Dawa yake ni kutuma liende kwenye ofisi ya kampuni yenyewe iliyo jirani, ukalifuate kwa kitambulisho, au kuchagua kipindi cha saa ambacho utakuwepo. Wakikukosa wanaacha karatasi mlangoni na kurudi tena bila kukutoza. Kwa mwanafunzi anayefika kwa mara ya kwanza na maisha yake yote ndani ya mabegi mawili, kaunta za takkyubin pale Narita, ukitoka tu kwenye ukumbi wa kuwasili, ni rafiki wa kweli. Niliburuta yangu mwaka ule kwa kubana matumizi, nikabadilisha treni tatu asubuhi saa moja na nusu, wakati Tokyo nzima inakwenda kazini. Sikumgonga mtu, lakini kuna mzee mmoja nilimkanyaga kwa gurudumu, na ndiye aliyeniomba radhi.

Kama huna hoteli ya kukusaidia, maduka ya konbini, yale madogo ya mtaani, yanapokea mizigo: 7-Eleven na FamilyMart wanaipokea ya Yamato, Lawson ya posta. Pale fomu utaijaza mwenyewe, kwa hiyo uwe na anwani ya Kijapani kwenye simu uinakili au umwonyeshe muuzaji.

Kabati: kwa saa chache tu

Makabati ya kulipia yako karibu kila stesheni kubwa. Dogo yeni 400 hivi, kubwa la kutosha begi la ndege hufika 700 hadi 1,000. Mengi siku yake inahesabiwa hadi usiku wa manane, kisha unaanza kulipa upya, na baada ya siku tatu wanalifungua. Yanafaa kwa jambo moja: unashuka mahali kwa saa nne, unaangalia kasri, unakula, unarudi stesheni ileile na kuendelea. Himeji na Hiroshima nayapenda kwa hilo.

Kama suluhisho la kubadilisha treni kwa haraka, kabati halikusaidii kitu, kwa sababu lazima urudi. Na makubwa ndiyo yanayojaa kwanza. Kyoto msimu wa maua ya sakura, saa nne asubuhi utakuta taa nyekundu mstari mzima. Ukilipata, piga picha ya kabati na ya geti lililo karibu. Shinjuku ina njia za kutokea zaidi ya 200. "Lilikuwa karibu na duka la keki" haitakufikisha popote.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Kuburuta | Kutuma | Kabati |
|---|---|---|---|
| Gharama kwa begi kubwa | Hakuna | Yeni 2,000–3,500 | Yeni 700–1,000 kwa siku |
| Dakika 8 za kubadilisha treni | Bahati nasibu | Zinatosha na chenji | Haihusiki |
| Ukibadili mpango ghafla | Uko huru | Begi limeshakwenda | Lazima urudi |
| Kinachokukwamisha | Lifti, umati, rafu ya juu | Usiku mmoja bila begi | Kukuta yamejaa |

Je, ukiikosa?

Hofu ya kuikosa treni inawafanya watu wakimbie na mabegi kwenye ngazi, na hapo ndipo vifundo vya miguu vinapoteguka. Ukweli ni kwamba kukosa treni Japani hakuna maumivu makubwa, ilimradi ujue una tiketi gani mkononi. Tiketi ya kawaida ya shinkansen yenye kiti maalumu, treni yake ikikuacha, bado inakuruhusu kupanda behewa la viti huru, visivyowekewa nafasi, kwenye treni ya baadaye siku hiyohiyo. Utapoteza kiti chako tu. Ukiona mapema kwamba hutawahi, badilisha kabla treni haijaondoka. Mara moja inabadilishwa bure. Tatizo ni tiketi za punguzo zilizofungwa kwenye treni moja, hizo usizinunue kwa safari yenye muunganiko mfupi. Uangalie pia treni zisizo na viti huru kabisa, kama Kagayaki ya Kanazawa kwenda Tokyo na Hayabusa ya kaskazini. Nozomi nazo, ambazo kwa kawaida zina viti huru, zinakuwa za kuweka nafasi pekee nyakati za likizo kubwa: mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya.

Kati ya Tokyo na Osaka, Nozomi zinafuatana kwa dakika chache, kwa hiyo kubana muunganiko wa kuingia humo hakuna maana, chukua inayofuata. Njia za pembeni ndizo za kuogopa, zile ambazo treni ni moja kwa saa. Huko ndiko ninakotumia ile njia ya nne: nakata tiketi ya treni ya baadaye makusudi, nashuka bila kukimbia, nanunua ekiben, chakula cha boksi kinachouzwa stesheni, nakula jukwaani. Pale Tsuruga ndivyo tulivyoishia kufanya kwa kulazimishwa, na mama mdogo alikiri kwamba wali wenye samaki ulikuwa mtamu kuliko ule wa hoteli.

Ukiwa bado hujakata tiketi ya ndege

Muunganiko rahisi kuliko yote ni ule usiokuwepo. Anayetoka Dubai au Doha, na ndugu zetu wengi wa Muscat na Ghuba wanapitia huko, anaweza kutua Kansai badala ya Tokyo. Kutoka Kansai treni ya Haruka inakwenda moja kwa moja hadi Kyoto kwa saa moja na robo hivi, begi kwenye rafu yake, bila kubadilisha popote. Anayetoka Addis Ababa kwa ndege ya Ethiopia atatua Narita, na kama anakwenda Tokyo tu, azingatie basi la uwanja wa ndege: mhudumu analivika begi kibandiko, analiweka chini ya basi, na unashuka mlangoni au jirani na hoteli nyingi kubwa. Foleni za barabarani zipo, lakini hakuna ngazi.

Kwa hiyo nani achague nini

Kijana peke yake, begi dogo, mikono yenye nguvu: buruta, bana muunganiko unavyotaka, tafuta tu behewa lililo karibu na ngazi. Anayekuja Yokohama au Nagoya kwa shughuli za magari na kukaa mji mmoja: buruta siku ya kuja na siku ya kuondoka, chagua treni ya polepole zaidi kwenye orodha. Familia yenye watoto: tuma, hata kama bajeti imebana, kata kwingine. Mwenye miji mitatu kwa siku saba: tuma ukiruka mji wa katikati. Mzazi mwenye magoti mabovu: tuma, na bado mwekee nusu saa kila anapobadilisha treni.

Siku ya kurudi nyumbani ni ya tofauti kidogo. Begi unaweza kulituma hadi uwanjani, lakini likabidhi siku mbili kabla ya ndege, usisubiri moja, na kuna ada ya ziada ya kaunta ya uwanjani ambako utalichukua. Kama ndege yako ni ya asubuhi, hakikisha kaunta hiyo imefunguliwa kabla ya saa yako ya kukabidhi mizigo. Safari yetu ya mwisho tulipita kwenye kaunta hiyo saa saba mchana, begi la kwanza likaja, la pili likaja, mama mdogo akayahesabu mara mbili, akafungua zipu ya moja akachungulia kama vitenge vimelala vilevile.

"Hawajagusa," akasema, akaanza kuyaburuta yeye mwenyewe hadi kwenye foleni.